Antena Ndani ya Pembe ya Bwana Shamba

Nyangeta, mama yangu,

Mimi baba yako nina miaka sabini na minne. Kaka zangu watatu wote nimewazika. Mganga wa Kiriba aliyesema sitavuka hamsini, naye nimemzika. Ng'ombe niliowapa majina kwa mdomo wangu huu hawahesabiki, wote wamekwenda, mimi nipo. Na wale wa hapa Nyasura waliosema gari yangu haitawaka hata mara moja, wawili wao niliwapeleka kaburini mimi mwenyewe, ndani ya gari hiyo hiyo, na haikuzima njiani.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akikuandikia barua, kaa vizuri usome.

Najua unashangaa. Hujawahi kuniona naandika kitu zaidi ya jina langu. Shule niliishia darasa la pili, herufi nyingine nimeziokota kwenye magunia ya mbolea na kwenye migongo ya malori. Lakini nimeanza hii tangu mlipotoka wewe na mama yako kwenda sokoni kununua ndoo yako ya chuo, na sasa jua limehamia upande wa banda la pamba na bado naandika. Mama yako aliniachia ugali na sato. Nzi ndio wanakula.

Mambo ya sabuni, shuka, kupika, kukaa na watu, hayo mama yako amekuambia na atakuambia tena kesho stendi mbele za watu mpaka uone aibu. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa mwaka mzima kama mwiba wa sato kooni. Ni jambo la antena.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa mdogo na mama yako anaielezaga vibaya.

Gari ile niliikuta Butiama, nyuma ya nyumba ya karani mmoja mstaafu. Gari ya Kifaransa, pua ndefu, ya zamani kuliko ndoa yangu. Kuku walikuwa wanatagia kwenye siti ya nyuma. Karani akaniambia, "Magesa, kama unaweza kuitoa hapa, itoe, mke wangu anataka kupanda mchicha." Nikarudi kwetu Bunda, nikaja na maksai wawili. Wa kulia alikuwa Bwana Shamba. Nilimwita hivyo kwa sababu alikuwaga anasimama katikati ya mtaro na kuangalia pamba yangu kama anataka kunikosoa. Siku mbili aliivuta gari ile mpaka Nyasura. Watu wa Kiabakari walitoka kutuangalia. Mmoja akauliza, "Mzee, hiyo ni harusi au msiba?" Nikamwambia subiri utaona.

Miaka tisa niliitengeneza. Unakumbuka. Nilitoa vitasa vya milango nikaficha kamba ndani. Nilitoa mabati ya urembo ya pembeni, nikaziba matundu, nikapiga msasa mpaka mikono ikaota sugu juu ya sugu, nikapaka rangi ya ziwa lile la asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nilitaka iwe laini kama yai. Kitu chochote kinachochomoza nilikikata. Bwana Shamba alipokufa nikachukua pembe zake nikazifunga juu ya pua ya gari, maana ndiye aliyeileta nyumbani, asingeachwa. Mama yako akaja, akaizunguka, akasema, "Yai lako lina pembe."

Nikaendelea kukaza pembe. Kuna maneno ya wivu huyajibu.

Kilichobaki kuchomoza ni antena. Fimbo ya chuma pale juu ya bega la kushoto, inatikisika kama mkia wa mbuzi. Nikaikata. Nikaziba tundu, nikapaka rangi. Nikachukua waya nikaulaza ndani, chini ya bati la paa, juu ya kitambaa. Nikakuita uone. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, upo upo tu nyumbani unafungua redio za majirani na kuzifunga. Nikawasha. Kshshshsh. Nikazungusha. Kshshshsh.

"Baba, waya umeuweka wapi?"

"Pazuri. Hata polisi hauoni."

"Hata redio haiuoni," ukasema.

Nilikasirika, sikufichi. Nikauhamishia waya kwenye buti. Kshshshsh. Nikauweka chini ya boneti. Ikawa mbaya zaidi, ikawa inalia pamoja na injini kama mtu anayeumwa jino. Siku ya nne ukachukua redio ndogo ya mama yako, kwaya inaimba, ukaifunga kamba, ukaishusha ndani ya lile pipa la bati la mahindi, ukafunika. Kwaya ikafa. Ukafunua. Kwaya ikafufuka. Ukafunika tena. Mama yako akasema kutoka jikoni, "Usinimalizie betri."

"Umeona, Baba? Gari yako ni pipa."

"Pipa halina magurudumu," nikasema, nikaondoka.

Hebu angalia ujinga huo. Mtoto amenionyesha jambo mbele ya macho yangu, hata mbuzi angeelewa, mimi nikatafuta neno la kuniokoa nikalipata. Nimekuwa hodari sana wa kupata hayo maneno. Nadhani ni kwa sababu ya kusoma kwangu kudogo. Ujanani mtu akinipa karatasi nilikuwaga nasema haraka, "Hiyo naijua," kabla hajasema nisome. Ukizoea hivyo miaka hamsini, unasema naijua hata kwa kitu ambacho hakina karatasi.

Basi nikaenda Kiriba kwa shemeji yangu siku tatu. Nilisema naenda kusaidia mambo ya familia. Ukweli nilikwenda kukasirika huku nakula samaki.

Niliporudi, ulikuwa umekaa ndani ya gari, milango wazi, na redio inaimba. Si kuimba kwa kukohoa. Inaimba safi, unasikia mpaka mpiga gitaa anavyovuta pumzi. Nikatazama paa, hakuna kitu. Nikatazama bega la kushoto, laini. Nikaizunguka gari mara mbili. Yai langu lilikuwa vilevile. Na mimi mtu mzima, miaka sabini na kitu, badala ya kukuuliza umefanyaje, nilisema nini?

Nilisema, "Leo hali ya hewa nzuri."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini na ungo mikononi, choroko zikamwagika.

Kisha nikaona. Kwenye kona ya ndani ya boneti rangi yangu imeparuliwa upana wa ukucha wa dole gumba, mpaka bati linang'aa. Nikapiga kelele, jirani yetu Nyamhanga akaja akidhani kuna nyoka. Nawe ukanieleza taratibu kama unamweleza mtoto: waya wa antena una nyuzi za nje na moyo wa ndani. Zile nyuzi za nje lazima zishikane na bati lenyewe, si rangi. Moyo usiguse bati popote. Na ule moyo umeupitisha kwenye kitundu chini ya pembe, umeuzungusha ndani ya pembe ya Bwana Shamba mpaka karibu na ncha, ukaufunga kwa utepe.

"Pembe si bati, Baba. Haizuii sauti. Na ulikuwa umeshaiweka mwenyewe."

Kisu ulichoparulia rangi yangu kilikuwa kile cha kumenyea viazi. Hilo bado sijalisamehe, nalisema wazi.

Sasa tufike Butiama, kwenye harusi ya Wambura, mtoto wa marehemu kaka yangu. Unajua nilikuwa nimetangaza kwa ukoo mzima kwamba salamu za bwana harusi zitasomwa redioni saa nne asubuhi, na watu watazisikia kutoka kwenye gari yangu. Saa nne ikafika. Gari katikati ya uwanja, milango wazi, wazee kwenye viti, akina mama wamesimama. Mtangazaji akasoma, "Salamu ziende kwa Wambura na mke wake, Butiama," sauti ikatoka kama yuko ndani ya buti. Vigelegele! Bibi mmoja akacheza mpaka kiatu kikaruka. Mimi nilisimama nimeweka mkono juu ya boneti kama namshika ng'ombe wa zawadi.

Ndipo akaja yule fundi wa muziki, Fundi Masatu wa Makoko, kule Musoma. Ndiye aliyeleta spika za harusi. Akaizunguka gari. Akapiga magoti, akachungulia chini.

"Mzee Magesa, antena iko wapi?"

"Itafute."

Wakaanza kutafuta. Vijana, wazee, hata bwana harusi na suti yake. Nyamhanga akachungulia kwenye bomba la moshi, akatoka na pua nyeusi. Nilifurahi siku ile, Nyangeta, sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Mwishoni nikagonga pembe kwa kidole. Ko, ko. Fundi Masatu akaweka sikio. Akapapasa pale chini waya unapoingilia. Akatikisa kichwa.

"Nani kafunga hii?"

Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo na jagi na beseni, unanawisha wageni. Yeye mikono yake ilikuwa mbele yako, ananawa. Nilikuona. Nataka ujue kwamba nilikuona. Sitasema sikukuona.

Nikanyanyua mkono wangu. "Mkono huu."

"Mzee, ungekuwa kijana ningekuchukua leo," akasema. "Kuna chuo cha ufundi Mwanza, wananiulizaga kila mwaka kama nina mtu mmoja wa kuwapa. Mtu wa kufunga kitu hivi simpati."

"Mimi sasa chuo cha nini," nikasema, "labda cha malaika."

Watu wakacheka. Nawe ukaendelea kummiminia maji. Yakajaa beseni, yakamwagikia viatu vyake, bado unamimina.

Njia nzima ya kurudi Bunda redio iliimba, wewe umegeukia dirisha. Hukuniuliza kwa nini. Ungeniuliza ningepata neno la kuniokoa, labda ulijua. Mwaka mzima ukachuma pamba, ukachambua pamba, redio za majirani ukaacha kuzipokea. Nyamhanga aliniuliza, "Siku hizi binti hatengenezi?" Nikamwambia amekua. Gari hukuigusa tena hata kuifuta vumbi. Na mimi nikawa napita mtaani na antena yako kichwani mwa gari yangu, watu wananisimamisha, "Mzee, gonga pembe tusikie," nami nagonga.

Mvua zilipokuja redio ikanyamaza.

Hapa ndipo usipopajua. Soma polepole.

Ningekuita ungeitengeneza kwa dakika kumi. Sikukuita. Niliendesha mpaka Makoko kwa Fundi Masatu, peke yangu, nikakuambieni naenda kumwona mgonjwa. Karakana yake ilikuwa imejaa watu. Akanipokea kwa furaha, "Bingwa mwenyewe!" Kisha akasema, "Haya Mzee, fungua. Umefunga wewe, nisije nikakuharibia."

Nikaishika pembe. Nikaizungusha kulia, haitoki. Kushoto, haitoki. Nikaivuta. Watu wanaangalia. Mwishowe yeye akaingiza vidole, akaikuta skrubu uliyoificha, akafungua. Akautazama ule utepe muda mrefu.

"Mzee, wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia, kama watu."

"Huu utepe umezungushwa na mtu wa mashoto. Angalia unavyokwenda."

Nikaangalia. Kweli, unakwenda kinyume. Basi nikamwambia, na Mungu anisamehe, nikamwambia siku ile nilikuwa na jipu mkono wa kulia.

Hakubisha. Alichukua bisibisi akaniwekea kwenye mkono wa kushoto, akanionyesha skrubu moja mezani. "Kaza hii." Ikanidondoka. Nikaiokota. Ikanidondoka. Mara ya tatu ikabiringika mpaka kwenye mtaro wa maji machafu, na mama mmoja aliyeleta pasi yake akasema, "Jamani mwacheni huyo baba, mkono hauna elimu."

Hapo nikacheka. Sikupanga. Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari, na kicheko kilipokwisha lile neno la kuniokoa halikuwepo tena. Nilitafuta, sikuliona.

Nikasema, "Ni binti yangu."

"Yupi?"

"Yule aliyekunawisha mikono."

Fundi Masatu alikaa juu ya tairi. "Mzee! Fundi ananimiminia maji, mimi namwambia asante binti!" Akapiga paja. Kisha akawa hacheki tena. Akasema, "Nafasi ya mwaka ule nilimpa mtu mwingine, akaacha. Umenipotezea mtu, Mzee. Na yeye umempotezea mwaka." Aliyasema hayo mbele ya yule mama wa pasi na watu wote. Nilivumilia, maana yalikuwa yangu.

Redio akakataa kuigusa. "Aje mwenyewe."

Ndiyo maana wiki iliyofuata nilikuambia twende Makoko, redio imeharibika. Ukakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya pembe, unyevu umeingia, waya umeota kutu. Ukasafisha, ukafunga upya kwa mkono wako wa kushoto, Fundi Masatu kasimama nyuma yako kimya kama yuko kanisani. Ulipomaliza akakupa fomu ya chuo. Njiani ulikuwa unaimba kuliko redio. Ukaniambia, "Baba, tuna bahati, imeharibika siku nzuri." Na mimi nikajibu nini? "Mimi nina bahati siku zote."

Hata hapo! Hata hapo nilichukua sifa yako.

Basi haikuwa bahati, mama. Nilikwenda nikasema. Nilichelewa mwaka mzima, lakini nilisema, na nilisema kwa mdomo huu huu. Mwaka wako siwezi kukurudishia. Ningekuwa na njia ningeutoa kwenye hii sabini na minne yangu, bado ningebaki na mingi. Nakuomba msamaha. Hilo neno ndilo lililonichukua mchana wote, hayo mengine yote yameandikika haraka.

Sikuambii usijisifu huko Mwanza. Ukirudi hapa hujisifu nitasema hospitali walitubadilishia mtoto. Jisifu, na sauti usiishushe kwa sababu darasa limejaa wavulana. Wakiuliza nani kafunga, nyanyua mkono wa kushoto juu kabisa. Ila kuna siku utakuwa fundi mkubwa, na pembeni yako atakuwepo mtu na jagi, kimya. Mtazame kabla hujajibu. Mimi nilitazama nikajibu vibaya, kwa hiyo nalijua hilo vizuri kuliko mwalimu wako yeyote.

Umebaki mzigo mmoja. Watu wa Butiama bado wanadhani ni mimi. Nimefikiria kwenda nyumba kwa nyumba, lakini mtu mmoja akipokea habari ya namna hiyo anaipeleka imegeuka. Kwa hiyo nimetuma salamu redioni, kwenye kipindi kile kile. Zitasomwa kesho saa nne. Wewe utakuwa kwenye basi, mmeshapita Lamadi. Mwambie dereva afungue redio, akikataa mwambie baba yako atamtafuta. Niliyoandika ni haya, nimenakili hapa ili wasije wakapunguza:

"Mimi Mzee Magesa wa Nyasura, Bunda, nawasalimu wote waliokuwa kwenye harusi ya Wambura, Butiama. Antena ya ndani ya pembe hakuifunga Magesa. Aliifunga binti yake Nyangeta, kwa mkono wa kushoto, wakati baba yake yuko Kiriba anakula samaki. Ujumbe: niliwadanganya, na gari ni nzuri vilevile."

Barua hii nitaificha chini kabisa ya mfuko wa karanga. Nitaificha vizuri, kwa kuficha vitu hunishindi sana. Mama yako akikuambia kula karanga, kula.

Kesho saa nne nitakuwa ndani ya gari hapa uwanjani, milango wazi, sauti mpaka mwisho, mkono juu ya pembe. Nimemwita na Nyamhanga.

Kama kuna neno humu unadhani nimeongeza chumvi, muulize mama yako aliyezoa zile choroko. Muulize Nyamhanga, pua yake ilikaa nyeusi siku mbili. Muulize Wambura na mke wake. Muulize Fundi Masatu wa Makoko, na yule mama wa pasi, jina lake silijui lakini kwa mdomo wake utamtambua. Na kuanzia kesho saa nne, muulize yeyote mwenye redio.

Baba yako,
Magesa